Binti Aliyemzidi Mlezi kwa Nusu

Ipo nchi moja, wala usijisumbue kuitafuta kwenye ramani, maana haifanani na nchi yako hata kidogo. Mambo ya ajabu yako huko kwao. Kwenu, alhamdulillahi, kila kitu kinakwenda sawa. Nchi hiyo ina bendera, ina foleni, ina semina, na ina Mlezi wa Taifa, ambaye zamani, kabla hajaanza kulea, alisoma chuo kikuu akatoka na wastani wa mbili nukta mbili.

Mbili nukta mbili! Kwingine mtu akitoka na GPA ya namna hiyo hukitia cheti chini ya godoro, akiulizwa anasema kimeliwa na mchwa. Huko imechorwa kwenye kuta za zahanati, imepigwa chapa kwenye khanga, na mizani ya sokoni imekatwa ikomee hapo hapo. Mtoto akizaliwa na kilo tatu, muuguzi huandika mbili, na zilizobaki huhesabiwa kuwa ni nguo.

Masomo matano aliyosoma Mlezi ndiyo masomo matano anayosoma kila mtu, awe anataka udaktari au ufundi bomba: Uimbaji, Gwaride, Historia, Uchumi na Hesabu. Matokeo yake, kama alivyoyapata, ndiyo wimbo wa taifa. Asubuhi watoto husimama mstarini na kuimba, "Uimbaji A, ewe kinanda chetu! Gwaride B, ewe simba wetu! Historia C, ewe mnara wetu!" Wakifika kwenye Uchumi na Hesabu, ambako Mlezi alipata D na D, hushusha sauti kwa heshima, kama watu wanaopita karibu na msiba.

Sasa, sheria. Kwa kuwa si adabu mtoto kumpita mzazi, Bunge lilipitisha kwamba hakuna raia atakayefikia wala kuvuka 2.2. Na kwa kuwa taifa haliwezi kujaa wajinga, Bunge hilo hilo, baada ya chai, likapitisha kwamba asiyefika 2.0 anadisko, yaani anafukuzwa chuo, na kurudi kwao. Anayetaka cheti, basi, lazima apite kwenye uchochoro uliobaki katikati. Aliyepungukiwa anarudi kijijini. Aliyezidi anapelekwa Kambi ya Unyenyekevu akajifunze kuwa mdogo.

Kambi hiyo, nasikia, ina bomba lisilovuja, zahanati yenye madaktari bingwa wanane na daraja zuri sana la kuvukia mtaro. Nje ya kambi hakuna vitu hivyo, lakini nje ya kambi watu wana adabu.

*

Chiku Semboja alikuwa na balaa mbili za kuzaliwa nazo. Ya kwanza, hakujua kuimba. Akianza tu, jirani alichungulia kuuliza nani kafiwa. Ya pili, hakujua gwaride. Ukisema kushoto, miguu yake ilikaa kikao kwanza.

Na kwenye ubao wa matangazo pale chuoni njia ya kutafuta wastani ilikuwa imebandikwa waziwazi, mtu asije akasema hakuambiwa. A ni alama nne, B tatu, C mbili, D moja, F sifuri. Kila somo lina uniti zake: Uimbaji moja, Gwaride moja, Historia mbili, Uchumi tatu, Hesabu tatu. Zidisha alama za somo kwa uniti zake, jumlisha masomo yote, gawa kwa uniti zote kumi. Basi. Hata mbuzi angeelewa, ila mbuzi hawakuruhusiwa chuoni kwa sababu wengine wana kilo nyingi.

Wajanja walikuwa na njia yao, iliyoitwa Barabara Kuu. Unaimba mpaka unapata A. Unapiga gwaride mpaka unapata A. Halafu unajikokota: C ya Historia, C ya Uchumi, D ya Hesabu. Ukizidisha kwa uniti na kujumlisha inakuja ishirini na moja. Gawa kwa kumi, mbili nukta moja, cheti hicho mkononi. Viongozi wote wa nchi ile walipita Barabara Kuu, hakuna hata mmoja aliyepinda kona.

Chiku yeye alikwisha kupata F ya Uimbaji na F ya Gwaride. Ili asidisko alijitutumua akapata B ya Historia na B ya Uchumi. Jumla yake kwa uniti ikawa kumi na tano, na limebaki somo moja tu, Hesabu.

Akakaa kitandani na kipande cha mkaa akapiga mahesabu ukutani, huku Tabia, aliyelala naye chumba kimoja, akimtazama.

"Nikipata D, nina kumi na nane. Moja nukta nane. Nimedisko."

"Pata B, basi."

"B ni ishirini na nne. Mbili nukta nne. Kambi."

"Uwii! Na C?"

"C ni ishirini na moja. Mbili nukta moja. Cheti."

"Basi pata C, mwenzangu. Kwani shida iko wapi?"

"Shida," Chiku akasema, "Hesabu ndilo somo pekee ninalolijua."

Alikihitaji cheti kile si kwa mapambo. Shule ya kwao Mtindili ilikuwa haina mwalimu wa Hesabu. Somo lilishikwa na mwalimu wa Uimbaji, kiasi kwamba watoto wa Mtindili waliweza kuimba jedwali la saba kwa sauti nne, ila ukimuuliza mmoja saba mara nane ni ngapi, anakuuliza unataka ubeti gani. Mwalimu mkuu alimwekea Chiku nafasi, na akamwambia wazi: njoo na cheti muhula ukianza, la sivyo nafasi anapewa mpiga zeze.

*

Mtihani ulikuwa na maswali kumi ya alama sawa. C ilitaka nusu. Chiku akajiambia, nijibu matano, niache matano, nitoke zangu. Kuchagua hakukumpa taabu. Alipitia maswali yote, akaona matano yana majibu madogo madogo: nusu, robo, moja, moja na nusu, mbili. Mengine yalikuwa na majibu ya kutisha. Swali la sita lilitoka arobaini. Swali la tisa lilitoka mia tatu na kumi na mbili. Chiku, raia mwema, akayaacha meupe, akajibu yale madogo bila kosa, akakunja karatasi, akampigia mama yake simu kwamba afue shuka za wageni.

Matokeo yalipobandikwa, mbele ya jina lake palikuwa na A.

Alikwenda ofisini kwa Dokta Kilumanga, mwalimu wa Hesabu, mzee mwenye koti lililobaki kifungo kimoja. Alimkuta ameikumbatia karatasi ya mtihani na macho yamemlowa.

"Shikamoo Dokta."

"Marahaba, binti yangu, marahaba! Karibu. Keti. Hapana, usiketi hapo, kiti hicho hakina mguu. Ni wewe? Ni wewe uliyeandika haya?"

"Ni mimi, Dokta. Nimekuja kuomba C."

"C!" Mzee akaruka kama aliyemwagiwa uji wa moto. "Binti, C nimegawa mpaka kidole kimeota sugu. Miaka yote hii nasahihisha watu wanaokosea kwa makusudi, tena kwa ustadi. Kuna kijana mwaka jana alikokotoa sahihi kabisa, halafu mstari wa mwisho akajikwaa, tena akaandika pembeni 'samahani Dokta'. Leo nimepata A, A nyeupe, isiyo na samahani, na unataka niitie matope?"

"Lakini mimi nilijibu matano tu!"

"Ndiyo, na mengine matano Bodi imeyafuta."

"Imeyafuta kwa nini?"

Dokta Kilumanga akatazama mlango, akashusha sauti. "Majibu yake yalivuka mbili nukta mbili. Bodi ikasema haiwezekani karatasi ya serikali ikamlazimisha mtoto aandike tarakimu inayomzidi Mlezi. Kwa hiyo mtihani ulibaki na maswali matano. Na wewe umeyapata yote. Sasa nieleze, kwa nini uliyaacha yale yale?"

"Majibu yalikuwa makubwa, Dokta," Chiku akasema, na machozi yakaanza. "Mimi nani hata niandike arobaini?"

Wakatazamana. Kumbe Bodi ilikuwa na adabu, na Chiku alikuwa na adabu, na adabu hizo mbili zimegongana uso kwa uso zikazaa A.

"Kumi na tano na kumi na mbili, ishirini na saba," Chiku akahesabu. "Mbili nukta saba. Dokta, umeniua."

"Hapana, binti yangu. Nimekusahihisha."

Nje, akampigia mama yake.

"Haya mwanangu, umefaulu?"

"Nimefaulu mno, mama."

"Toba!" Mama Chiku akapiga ukelele uliosikika bila simu. "Nilikwambia usisome sana! Nilikwambia Chiku, zima taa, kalale! Ona sasa! Nitamweleza nini mwalimu mkuu? Nitawaeleza nini majirani?"

"Waambie naumwa, mama."

"Unaumwa nini?"

"Wastani."

*

Baraza la Usawa wa Alama lilikaa ukumbini siku ya Jumatatu, chini ya Makamu Mkuu wa Chuo, Profesa Lwambano, mtu mnene wa sauti tamu, aliyepata A zake za Uimbaji na Gwaride enzi hizo na hakuacha kuzitaja. Kulia kwake alikaa mwendesha mashtaka, Bwana Pazi Mtambalike, aliyetembea kwa mwendo wa gwaride hata akienda msalani. Kushoto walipangwa wakuu wengine wenye miwani na tai. Mlangoni walisimama askari wawili na koplo wao, kwa sababu hukumu ilishapigwa chapa tangu Ijumaa.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," Bwana Pazi akaanza, "binti huyu, akiwa na akili timamu, na hilo ndilo kosa lenyewe, amemzidi Mlezi wa Taifa kwa nusu nzima. Nusu! Leo nusu, kesho robo tatu. Tukinyamaza, mtondogoo wataamka watu wenye nne kamili, watatuuliza maswali!"

Ukumbi ukasisimka. Bibi mmoja wa Kitengo cha Maadili akajipepea.

"Kabla ya yote," akasema Profesa Lwambano, "tusimame kwa wimbo wa taifa."

Wote wakasimama. Profesa akatoa sauti yake ya kwanza, Bwana Pazi akaipokea, na ukumbi ukajaa utamu. Chiku naye alisimama, lakini yeye, kwa kuwaonea huruma watu, huwa haimbi. Huchezesha midomo tu. Na mtu anayechezesha midomo bila kuimba ana nafasi kichwani. Walipoimba "Uimbaji A," kichwa chake, kwa kukosa kazi, kikasema nne. "Gwaride B." Saba. "Historia C." Tisa. Uchumi D, kwa sauti ya chini: kumi. Hesabu D, kwa sauti ya chini zaidi: kumi na moja. Kumi na moja gawa kwa masomo matano...

Mbili nukta mbili.

Chiku akaacha kuchezesha midomo. Na uniti je? Uniti zimekwenda wapi? Akarudia upya kwa njia ya ubaoni. Jibu alilolipata lilimfanya akae chini kabla wimbo haujaisha, jambo ambalo peke yake lina kifungo.

"Mshtakiwa, una la kusema?" akauliza Profesa.

"Nina ombi moja tu, Mheshimiwa. Naomba nihesabiwe kwa njia ile ile aliyohesabiwa Mlezi."

Minong'ono. Profesa Lwambano akayeyuka kwa furaha. "Mnasikia? Hata akiwa kizimbani, binti anataka kufuata nyayo! Ombi la kizalendo. Limekubaliwa. Njia gani hiyo, mwanangu?"

"Ile ya kwenye wimbo. Nne, tatu, mbili, moja na moja, kumi na moja. Gawa kwa masomo matano, mbili nukta mbili. Na mimi: sifuri ya Uimbaji, sifuri ya Gwaride, tatu ya Historia, tatu ya Uchumi, nne ya Hesabu. Kumi. Gawa kwa tano, mbili kamili. Sijadisko na sijamfikia."

Wakuu wakatazamana, wakahesabu kwenye vidole, wakaomba vidole vya jirani. Ilikuwa mbili kamili. Mtu nyuma akapiga makofi. Mambo yangeishia hapo, Chiku akachukua cheti chake na wakuu wakaenda kula pilau, kama si Bwana Pazi kuwa mtu wa bidii.

"Pingamizi!" akanguruma. "Uniti! Ubaoni kuna uniti! Njia ya chuo ni kuzidisha kwa uniti!"

"Sawa, kaka," Chiku akasema kwa upole. "Tuzidishe. Ila kwa wote. Mlezi, Uimbaji, nne mara uniti moja, nne. Gwaride, tatu mara moja, tatu, jumla saba. Historia, mbili mara mbili..."

Kiti kikaanguka. Alikuwa Dokta Kilumanga, aliyeitwa kama shahidi na aliyekwisha kufika mwisho wa hesabu ile kichwani kabla ya wote.

"Profesa," akasema huku ameshika meza, "nakuomba kwa jina la watoto wako, usimruhusu amalize."

"Kwa nini asimalize? Ni matokeo ya Mlezi, sote tunayaimba."

"Tunayaimba, ndiyo. Hatujawahi kuyazidisha."

"Ikizidishwa inakuwaje?"

"Inakuwa," Dokta akasema, "inakuwa haifiki mbili."

Koplo pale mlangoni, ambaye hakuelewa hesabu lakini alielewa nyuso, akavua kofia. Asiyefika mbili anadisko, arudi kwao. Hakuna aliyelisema. Lilijisemea lenyewe, likazunguka chini ya dari, likamtua kila mtu begani.

Profesa Lwambano akainuka. Na tuseme ukweli, katika shida mtu yule alikuwa mwepesi kuliko umeme.

"Uniti," akatamka kwa sauti yake tamu, "ni nini? Nani alizileta? Mimi nimekuwa nikizishuku siku nyingi. Kwa nini Uimbaji upewe moja na Hesabu tatu? Ni ubaguzi wa masomo! Ni mabaki ya mkoloni! Natangaza kuanzia sasa uniti zimefutwa. Zimefutwa kesho, zimefutwa leo, na zimefutwa jana, kwa kila mhitimu aliye hai, tangu siku ya Uhuru. Njia ni moja tu, njia ya Mlezi: jumlisha, gawa kwa tano!"

Makofi! Vigelegele! Bibi wa Maadili akalia. Azimio likapigiwa kura, likapita, likapigwa mhuri na kusomwa redioni kabla wino haujakauka.

"Na mimi niwe wa kwanza!" akapaza sauti Bwana Pazi, amesimama wima kama mlingoti. "Nihesabiwe upya mbele ya umma, kwa njia ya Mlezi! Binti, hesabu!"

Chiku akasita. "Kaka, una hakika?"

"Hesabu!"

"Haya. Uimbaji?"

"A!"

"Gwaride?"

"A!"

"Historia na Uchumi?"

"C na C, kama kawaida!"

"Hesabu?"

"D, kwa unyenyekevu!"

"Nne na nne, nane. Mbili na mbili, kumi na mbili. Na moja, kumi na tatu," Chiku akasema taratibu, kama mtu anayemvua mgonjwa bandeji. "Gawa kwa tano... mbili nukta sita."

Bwana Pazi alibaki ametabasamu. Tabasamu lilichelewa kupata habari. Koplo akavaa kofia yake, akamsogelea, akamshika kiwiko. "Twende, mzee. Umemzidi."

"Mimi? Rudia hiyo hesabu! Rudia!"

Ilirudiwa mara kadhaa, na kila mara ilitoka mbili nukta sita. Halafu macho yote, polepole, yakageuka kwenye meza kuu, kwa watu wa Barabara Kuu, wote A na A, C na C na D, wamekaa mstarini wenye wastani mmoja kama mapacha. Mmoja alijaribu kukumbuka kwamba huenda hakupata A ya Gwaride. Mwingine aliapa kwamba sauti yake tangu utoto ni ya chura, na akajitolea kuthibitisha. Koplo akatoka kwenda kutafuta lori kubwa zaidi.

*

Cheti cha Chiku kilitiwa saini na Profesa Lwambano akiwa juu ya lori tayari, amekitandika kwenye mgongo wa Msajili, ambaye mhuri ulikuwa mfukoni mwake. Msajili alipiga mhuri bila kugeuka. Jioni ile lori hilo hilo lilirudi likiwa limewabeba watu wa kambini, maana wengi wao walikuwa na F za Uimbaji na Gwaride kama Chiku, na kwa njia mpya walitoka mbili kamili. Walishuka mjini wakitazama mabomba na kutikisa vichwa.

"Chiku, mwanangu," Profesa alikuwa amemnong'oneza kabla lori halijaondoka, "huko kuna namna ya kushusha wastani?"

Chiku akamhesabia papo hapo, maana hakuwa na kinyongo. "Ipo. Rudia mtihani wa Gwaride. Ukipata F una tisa, moja nukta nane, unadisko na cheo kinakwenda. Ukipata C una kumi na moja, unamfikia Mlezi, unabaki kambini. Unatakiwa D, Profesa. D kamili. Ukosee, lakini usikosee sana."

"Nikosee kiasi gani?"

"Hapo ndipo penye somo."

Wiki ya pili muhula wa Mtindili ukaanza. Chiku alikodi bodaboda, akafunga sanduku nyuma, cheti akakitia kifuani, na njia ya kwenda kwao inapita kando ya uzio wa Kambi ya Unyenyekevu. Kwenye uwanja wa vumbi, uongozi mzima wa taifa ulikuwa katika mazoezi. Koplo aliita kushoto. Bwana Pazi aliinua kulia, akashtuka kwamba amezidisha kukosea, akarudisha kushoto, na mguu, uliozoea maisha yake yote, ukatua mahali pake kwa mshindo mzuri kama wa ngoma. Akajishika kichwa. Nyuma yake Profesa Lwambano alikuwa akijilazimisha kuyumba, jasho likimtiririka, na mikono yake ikipanda na kushuka kwa usawa wa kupendeza, haitaki kabisa kuharibika.

Alimwona Chiku akakimbilia uzioni.

"Chiku! Mwanangu! Nitazame! Nimekosea vya kutosha?"

Chiku akamwambia dereva apunguze. Profesa akarudi nyuma, akapiga hatua kumi mbele yake, akigeuka na kusimama kwa namna ambayo kwingine ingempatia nishani.

"Bado, Profesa!" Chiku akapaza sauti kwa huruma. "Bado unafanya vizuri mno!"